KANISA LA MKUNAZINI: Soko la watumwa, nguzo zilizosimama kichwa chini, na vyumba ambavyo watu wanabishania mpaka leo

Wengi wameniuliza, tena zaidi ya mara moja: lile kanisa kubwa la mawe pale Mkunazini, Mji Mkongwe Zanzibar, lilijengwa lini, lilijengwa na nani, na ni kweli limekaa juu ya soko la watumwa? Na vile vyumba vya chini wanavyoonyeshwa watalii ni vya kweli au ni usanii? Nimeona niyaweke yote mahali pamoja, ili mwenye kazi ya shule au mwenye ubishi wa kijiweni awe na pa kushika. Ni ndefu kidogo. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, ihifadhi kwenye fleshi uende nayo nyumbani.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Mji Mkongwe una makanisa makuu mawili ya zamani, na watu wa bara wakirudi na picha zao wanayachanganya kila siku. Lile lenye minara miwili, ambalo wenyeji wanaliita hivyo hivyo, Minara Miwili, ni la Wakatoliki, Mtakatifu Joseph, na lilijengwa miaka ya 1890. Ninalozungumzia mimi ni la Waanglikana. Jina lake rasmi ni Kanisa la Kristo, mjini wanasema Kanisa la Mkunazini, na lina mnara mmoja wenye saa. Ukitoka soko la Darajani ni mwendo mfupi tu, umefika.

SOKO LENYEWE

Huwezi kulielewa jengo bila kuelewa uwanja. Sayyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Zanzibar kwenye miaka ya 1830 mpaka 1840, na mikarafuu ikapandwa kwa wingi Unguja na Pemba. Karafuu inataka watu: kulima, kuchuma, kuanika. Watu hao wakaletwa kwa nguvu kutoka bara, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, halafu wakipakiwa majahazi kuja Unguja. Makadirio ya miaka ya 1860 yanataja watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka waliopita Zanzibar. Tusidhani wote walivushwa kwenda Arabuni. Sehemu kubwa walibaki hapa hapa, kwenye mashamba ya visiwani na ya pwani ya bara.

Na tusidhani ni biashara ya kabila moja. Hapa ndipo ubishi wa vijana mitandaoni unapochafuka, kwa sababu kila mtu anatafuta wa kumnyooshea kidole. Walikuwepo Waarabu wenye mashamba, ndiyo. Walikuwepo Waswahili na watu wa bara waliokwenda na misafara, na machifu waliouza mateka wa vita. Walikuwepo wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha mtaji, na ushuru wa forodha wa Sultani ulikodishwa kwao. Wafaransa walinunua watumwa kwa ajili ya mashamba ya miwa ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Wamarekani wa Salem, Massachusetts, waliofungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, walileta vitambaa na kuchukua pembe za ndovu ambazo zilifika pwani mabegani mwa watu. Neno "merikani" tunaloliita lile jora la pamba limetoka huko. Kwa hiyo ukiingia kwenye ubishi huu, nenda na orodha nzima, siyo jina moja.

Soko la watumwa la mji halikukaa sehemu moja miaka yote. La Mkunazini ndilo la mwisho, na lilikuwa pembezoni mwa mji wa mawe, karibu na ule mkono wa bahari uliokuwa ukitenganisha mji na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa baadaye, ndipo ilipo barabara kubwa ya Darajani. Jina lenyewe la Darajani ni kumbukumbu ya daraja lililokuwa pale. Watu wengi wanapita kila siku wakinunua mitumba na hawajiulizi daraja liko wapi.

TAREHE 5 JUNI 1873

Uingereza ilikuwa imeshambana Sultani kidogo kidogo kwa mikataba tangu mwanzo wa karne ile. Mkataba wa 1845 ulikataza kupeleka watumwa nje ya himaya yake ya Afrika Mashariki, lakini ndani ya himaya biashara ikaendelea kama kawaida. Januari 1873 akaja mjumbe wa Malkia, Sir Bartle Frere, kumtaka Sultani Barghash bin Said apige marufuku yote. Barghash akagoma. Na alikuwa na sababu zake: Aprili ya mwaka uliotangulia, 1872, kimbunga kikali kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja meli zake. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, halafu unaambiwa ufunge biashara nyingine.

Frere akaondoka mikono mitupu. Baadaye konseli wa Kiingereza, John Kirk, akapata amri kutoka London: Sultani asipotia saini, kisiwa kizingirwe na manowari. Barghash akatia saini tarehe 5 Juni 1873. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku na masoko ya hadhara yakafungwa, Mkunazini likiwemo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa vitabu vingi vya shule vinapita haraka. Kufungwa kwa soko siyo mwisho wa utumwa. Ni mwisho wa soko. Misafara ikabadilisha njia na kutembeza watu nchi kavu kando ya pwani, mpaka Barghash alipotangaza marufuku ya hiyo nayo mwaka 1876. Hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilifutwa mwaka 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria mpaka 1909. Bara, Tanganyika, ilikuwa 1922. Kwa maneno mengine, kanisa lilipokamilika na kengele yake kuanza kulia, kulikuwa bado na watumwa halali kisheria wanaoisikia.

WAMISHENI WALIOKOSA PA KWENDA

Wenye kanisa walikuwa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Ilizaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857 na kuwataka vijana wa vyuo waje Afrika. Wakaja. Kundi la kwanza lilikwenda bonde la mto Shire, Malawi ya leo, na mambo yakawaharibikia: homa, vita, njaa. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, akafa mwaka 1862. Askofu wa pili, William Tozer, akaona huko haiwezekani, akahamia Zanzibar mwaka 1864, akiwa na rafiki yake Edward Steere.

Mwaka huo huo Sultani Majid aliwapa vijana watano wa kiume waliookolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyepitia shule ya Kiungani, Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akapewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Nawataja kwa makusudi. Ukisoma vibao vya ukutani mle kanisani utaona majina mengi ya Wazungu, na vizuri ujue kwamba kuna watu wengine kabisa ambao historia ya jengo ni yao.

Soko lilipofungwa, misheni ikachangamkia uwanja. Sehemu ilinunuliwa na mmishonari mmoja aitwaye West, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara tajiri wa Kihindi. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi, 25 Desemba 1873. Hesabu mwenyewe: hata miezi saba haijafika tangu saini ya Barghash. Harakaharaka hiyo ilikuwa ya makusudi. Walitaka dunia ione.

BWANA STEERE

Tozer aliondoka kwa ugonjwa, na mwaka 1874 Steere akawa askofu. Huyu ndiye mwenye jengo hasa. Alilisimamia yeye, alibishana na mafundi yeye, na amezikwa mle mle, nyuma ya madhabahu. Lakini hata kama huna habari na makanisa, Steere anakuhusu kwa sababu nyingine: lugha unayoisoma sasa hivi.

Steere alikaa na watu wa mjini, Waislamu, wakiwemo wasomi, akajifunza Kiunguja na kukiandika kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili na kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Wazanzibari. Wavulana wa misheni walifundishwa kuchapa kwa mashine ya hapa hapa. Agano Jipya kwa Kiswahili ni kazi yake na wenzake. Baadaye kabisa, ilipoundwa kamati ya lugha mwaka 1930, Kiunguja kikiwa kimeshachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi ya aina hiyo ilikuwa imeshawatangulia kwa miaka sitini. Watu wa Mombasa na Lamu wana manung'uniko yao kuhusu uchaguzi huo, na nawaelewa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Turudi kwenye ujenzi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu wanalaza boriti za mikoko. Boriti hazivuki urefu fulani, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Steere alitaka ukumbi mpana bila nguzo katikati. Akaamua paa liwe la zege lililochanganywa na vipande vya matumbawe, limekunjwa kama nusu pipa, linakaa juu ya kuta zenyewe. Mjini watu wakasema hili litaanguka. Siyo wapita njia tu, hata Wazungu wenzake walikuwa na wasiwasi. Mbao za kushikilia zikaondolewa, paa likabaki. Limebaki mpaka leo, ingawa si bila matibabu, na nitafika huko.

Kwa nje utaona mchanganyiko ambao wasomi wa majengo wanaupenda: umbo la kanisa la Ulaya, lakini madirisha na matao yana harufu ya Kiarabu. Haishangazi. Mafundi walikuwa wa hapa hapa, mikono yao ilizoea milango na matao ya hapa hapa.

Na hapa ndipo penye kile kisa maarufu cha nguzo. Ukiingia kwa mlango mkuu, upande wa nyuma penye kisima cha ubatizo, kuna nguzo fupi kumi na mbili. Ziangalie vizuri: zimesimama kichwa chini. Inasimuliwa kwamba Steere alisafiri, mafundi hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna hiyo, wakazisimamisha walivyoona inafaa. Askofu aliporudi akaziacha. Watembezaji wageni huwa wanacheka hapo. Mimi sioni cha kuchekesha sana. Ukimpa fundi kitu cha ajabu bila maelekezo, ataweka upande mzito juu au chini kwa akili yake, na nguzo zimebeba mzigo wake miaka yote hiyo bila kulalamika. Nampongeza zaidi Steere kwa kuziacha.

Ibada zilianza mwishoni mwa miaka ya 1870, kazi ikiwa bado inaendelea. Steere alifariki Agosti 1882, jengo likiwa karibu kwisha. Kuwekwa wakfu rasmi kulikuja 1903.

MSALABA, CHUMA NA SUSI

Ndani, mbele, duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu sakafuni mbele ya madhabahu. Kwa mapokeo ya kanisa, madhabahu imewekwa pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa sokoni, na ile nyekundu ni damu. Nasema "kwa mapokeo" nikiwa na maana hiyo hiyo. Ni simulizi ya kanisa lenyewe, ya zamani, na yenye nguvu ukisimama pale. Siyo kipimo cha mwenye ramani.

Pembeni kuna msalaba mdogo wa mbao ambao mtu anaweza kuupita bila kuuona. Mbao zake zinatoka kwenye mti uliokuwa Chitambo, Zambia ya leo. Livingstone alifariki hapo Mei 1873, yaani mwezi mmoja tu kabla ya soko kufungwa, na hakupata habari. Watu waliokuwa naye walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti huo, wakaukausha mwili na kuubeba mpaka Bagamoyo, mamia ya maili, safari ya miezi. Ukapita Zanzibar na kwenda kuzikwa Westminster Abbey, London, Aprili 1874. Mti ulipozeeka ukakatwa, na kipande chake kikaja kuwa msalaba huu.

Waliobeba mwili wanaojulikana zaidi ni James Chuma na Abdullah Susi. Chuma alikuwa Myao, aliokolewa utumwani akiwa mtoto. Wote wawili waliendelea kuongoza misafara na wote wawili walimalizia maisha Zanzibar: Chuma mwaka 1882, mwaka ule ule wa Steere, na Susi mwaka 1891, baada ya kubatizwa mwaka 1886 kwa jina la David. Livingstone ana dirisha la vioo vya rangi mle ndani. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa kwenye doria za kukamata majahazi ya watumwa wana kumbukumbu zao pia. Ukimaliza kuziangalia, wafikirie na hao wawili.

Kuhusu saa ya mnarani: inasimuliwa kwamba Sultani Barghash ndiye aliyeitoa, kwa sharti kwamba mnara wa kanisa usizidi urefu wa jumba lake jipya, Beit el Ajaib, lililojengwa 1883. Kisa kitamu na kinamfaa Barghash, mtu aliyependa makubwa na asiyependa kupitwa. Kichukueni kama kisa.

HAYA SASA, VYUMBA

Nimekiacha hiki kwa muda kwa sababu ndicho kinacholeta kelele. Ubavuni mwa kanisa kuna jengo linaloitwa St Monica. Chini yake kuna vyumba viwili vya chini kwa chini, dari yake fupi huwezi kusimama wima, kuna matuta ya mawe pande mbili na mfereji katikati, na vidirisha vyembamba kama mkono. Mtembezaji anakwambia hapa walibanwa watumwa kadhaa wakisubiri mnada, anakutajia na idadi yao, anakuonyesha na minyororo. Watu wanatoka wamejaa machozi. Nimewaona. Niliwahi kuingia na kundi la wanafunzi kutoka bara, na msichana mmoja alishindwa kuendelea, akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Tatizo ni hili. Jengo la St Monica lilijengwa na misheni, kwa ajili ya hospitali, miaka ya 1890. Soko lilifungwa 1873. Wapo wanahistoria, na Profesa Abdul Sheriff wa hapa hapa Zanzibar ndiye anayejulikana zaidi, ambao wamesema wazi kwamba vyumba vile ni sehemu ya jengo la hospitali, yaani stoo ya kuwekea vitu pahala penye ubaridi, na havihusiani na soko. Sheriff siyo mtu wa kupuuza utumwa. Ndiye aliyeandika kitabu kinachotegemewa dunia nzima kuhusu watumwa, viungo na pembe za Zanzibar, kilichotoka 1987. Wanaoshikilia simulizi ya pili wanasema misheni huenda ilijenga juu ya kitu kilichokuwepo. Inawezekana kimantiki, lakini anayedai ndiye mwenye kazi ya kuonyesha, na ushahidi wa kuniridhisha sijauona.

Kuna kitu kingine cha kufikiria. Soko lilikuwa uwanja wa wazi. Watumwa waliotoka jahazini walipitishwa forodhani kulipiwa ushuru na kuchukuliwa na wenye mali, ambao waliwaweka kwenye nyumba na mabanda yao wenyewe. Wageni wa karne ya 19 walioandika walichokiona wanaeleza watu wakipangwa mstari na kupitishwa sokoni alasiri, jua likipoa. Ukitaka kuona chumba kinachohusishwa moja kwa moja na kuficha watumwa, nenda Mangapwani, kaskazini ya mji. Pale kuna chumba cha chini kilichochongwa kwenye jiwe, na kinahusishwa na biashara ya magendo baada ya marufuku ya 1873.

Sasa, wapo watakaosema: we bwana unatuharibia, kwani ukisema vyumba si vya kweli si utakuwa unawasaidia wanaosema utumwa haukuwepo? Nimeambiwa hivyo mara nyingi, kwa hiyo nijibu. Pia wapo wa upande wa pili wanaochukua maneno ya Sheriff wakakimbia nayo: eti umeona, yote ni uongo wa wamisheni! Wote wawili wanafanya kosa lile lile, wanaubebesha utumwa wote kwenye vyumba viwili. Soko lilikuwepo. Lina mkataba, lina barua za makonseli, lina hesabu za forodha, lina simulizi za watu waliouzwa wakiwa watoto na kuzeeka Mbweni na Kiungani. Halihitaji stoo ya hospitali ili kuthibitika. Ila stoo ya hospitali ikiitwa gereza la watumwa, siku kijana akigundua atatilia shaka na yale ya kweli, na hapo ndipo tutapoteza.

Na Zanzibar mambo haya siyo historia ya kwenye kabati. Wakati wa siasa za miaka ya 1950 na baada ya Mapinduzi ya 1964, picha za utumwa zilitumika kuambiana nani mgeni na nani mwenyeji, na watu walikufa. Kwa hiyo kinachosemwa kwa mtalii kwa Kiingereza kinamfikia na mtoto wa Mkunazini anayesikiliza mlangoni. Nilimwuliza mtembezaji mmoja kwa nini hasemi angalau kwamba kuna ubishi. Akanijibu kwamba mgeni hajalipa ili aje kusikiliza ubishi. Jibu la biashara hilo, sikumlaumu sana, ana watoto wa kusomesha. Lakini kibao kimoja cha maelezo kingemtoa kwenye mtego huo.

SANAMU ZA SHIMONI NA UKARABATI

Nje, kwenye bustani, kuna kumbukumbu iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Watu watano wa mawe wamesimama ndani ya shimo, wamevikwa kola shingoni na mnyororo wa chuma unawaunganisha. Shimo limewameza, unawaona kuanzia juu tu, na nyuso zao hazikuangalii. Hii haidai kuwa kitu cha kale. Inajulikana ni sanamu, inajulikana aliyeichonga, na bado inamshika mtu kooni kuliko vile vyumba. Kwangu mimi ndicho kitu cha kweli kabisa katika eneo lote lile baada ya kaburi la Steere.

Jengo lenyewe limeugua. Matumbawe na chokaa vinanyonya maji. Bati au bomba likivuja mwaka mmoja, ukuta unaanza kutoa chumvi, plasta inabanduka, chuma cha ndani kinapata kutu na kupasua zege. Ile chokaa ya zamani inapumua. Fundi akija na saruji ya mfuko akapiga plasta ngumu juu yake, maji yanafungiwa ndani na ukuta unaoza ukionekana mzuri kwa nje. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimekwenda kwa njia hiyo! Mwaka 2014 kanisa na eneo la soko viliwekwa kwenye orodha ya maeneo ya kuangaliwa ya Mfuko wa Makumbusho Duniani, na kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya ukarabati ukafanyika katikati ya miaka hiyo ya 2010, pamoja na kituo cha maonyesho kuhusu biashara ya watumwa Afrika Mashariki. Mabango ya kituo kile ni mazuri, yana tarehe na ramani, soma taratibu usipite ukipiga picha tu.

Asiyeamini kwamba jengo la zamani linaweza kuondoka ghafla akumbuke Beit el Ajaib, lile jumba la Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Mji Mkongwe wote uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini cheti hakizuii mvua. Kwa hiyo, kama kile kisa cha sharti la urefu ni cha kweli, mnara wa kanisa ndio ulioishia kubaki na saa yake.

UKIENDA

Ingia kwa upande wa Mkunazini, kuna kiingilio, na mwenyeji na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo beba kitambulisho. Ni kanisa linalosali, siyo makumbusho tu, Jumapili watu wapo kwenye ibada ya Kiswahili, subirini iishe. Vaa kwa heshima, mtaa mzima una misikiti na wazee. Ukimwita mtembezaji, mwambie tangu mwanzo unataka nguzo, msalaba na kaburi, maana wengi wanakukimbiza chini vyumbani kwanza. Na ukiwa chini kule, muulize kwa adabu jengo la juu lilijengwa mwaka gani.